Waliocheka na Kulia Kashasha

Jumanne ya tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya wasichana ya Kashasha, takriban maili 25 kutoka mjini Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Tanganyika huru ilikuwa na umri wa siku 52. Siku nane kabla ya hapo Julius Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa kiti hicho, na huko Dar es Salaam watu walikuwa bado wanaulizana kulikoni. Kashasha ilikuwa mbali na maswali hayo. Ilikuwa shule ya bweni ya misheni katika nchi ya migomba na kahawa, yenye wasichana 159 wa umri wa miaka 12 hadi 18 na walimu watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu.

Kicheko kilikuja kwa vipindi. Aliyeshikwa alicheka, akalia, akacheka tena, dakika chache kwa huyu, saa kadhaa kwa yule. Kikapoa akapata nafuu, kisha kikarudi. Wengine walipona siku hiyohiyo, wengine walikaa nacho hadi siku 16. Walikuwa hawatulii, na wakizuiwa kwa nguvu baadhi yao walipambana. Kila aliyepatwa alikuwa amekutana muda mfupi nyuma na mwenzake aliyekwisha kupatwa. Walimu wote watano walisalimika.

Hadi tarehe 18 Machi wasichana 95 walikuwa wamepatwa. Uongozi ukaona hakuna masomo yanayoendelea, shule ikafungwa, na wanafunzi wakarudi makwao.

Baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba. Siku kama kumi baadaye kicheko kikatokea huko, na safari hii hakikuchagua wasichana. Kati ya Aprili na Mei watu 217 wa Nshamba na vijiji vyake, katika wakazi wapatao 10,000, walipatwa, wengi wao wanafunzi na vijana, wa kike na wa kiume. Tarehe 21 Mei Kashasha ikafunguliwa tena. Wasichana wengine 57 wakashikwa, na mwishoni mwa Juni shule ikafungwa mara ya pili. Mwezi huohuo wa Juni, katika shule ya wasichana ya Ramashenye karibu na mji wa Bukoba, wanafunzi 48 kati ya 154 walipatwa ndani ya siku chache. Nayo ikafungwa, na binti mmoja wa huko akarudi kwao na ugonjwa, ukaingia kwa ndugu na mawifi.

Hapo ndipo madaktari walipoanza kuhesabu na kupima. Tunayajua haya kwa sababu ya wawili, A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, daktari wa Bukoba, walioyaandika katika jarida la kitabibu la Afrika ya Kati lililochapwa Salisbury, Harare ya leo. Makala yao ilitoka mwaka 1963 na ina kurasa nne tu. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nastaajabia utulivu wake. Hawakudhihaki wala kutia chumvi. Walitafuta homa hawakuiona. Walipima damu, wakachoma sindano uti wa mgongo kuchunguza majimaji yake, wakakuta ni salama. Walifikiria sumu katika chakula, wakaiondoa. Walichokuta mwilini ni mboni za macho zilizopanuka na mguu unaoruka kupita kawaida ukigongwa gotini kwa kinyundo. Hakuna aliyekufa.

Wakaandika pia jambo ambalo si kila daktari wa zama zile angejali kuliandika, yaani wenyeji waliuitaje ugonjwa huo. Kwa tahajia yao ya kigeni walinakili majina mawili ya Kihaya. La kwanza, enwara yokusheka, ndiyo maradhi ya kucheka. La pili, akajanja, walilifasiri kuwa wazimu.

Ukiyatazama majina haya mawili utaona hayafanyi kazi moja. La kwanza linaeleza kinachoonekana tu. Mtu anacheka, basi ni maradhi ya kucheka, kama tunavyosema kifua au tumbo la kuendesha. Halimhukumu mtu. La pili linampeleka mtu upande wa pili wa mto. Aliye na maradhi ya kucheka ni binti wa fulani ambaye wiki hii anaumwa. Aliyeambiwa ana wazimu, hata kicheko kikiisha Jumapili, Jumatatu posa yake ina maswali. Wanakijiji waliyatumia yote mawili, na nadhani walijua vizuri lini kutumia lipi.

Tena wanakijiji walikuwa na sababu zao. Rankin na Philip wanaeleza kwamba baadhi ya watu waliamini hewa ilikuwa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki. Anayesoma hayo leo hucheka kidogo, na hapo angefaa ajizuie. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza la nyuklia huko Reggane, jangwani Algeria, na Afrika nzima ikapiga kelele kwamba vumbi lake lingepeperushwa hadi kwetu. Tarehe 30 Oktoba 1961, miezi mitatu kamili kabla ya kicheko cha Kashasha, Warusi walilipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa duniani. Habari zilifika kwa redio na kwa magazeti yaliyozungushwa mkono kwa mkono. Mzee wa Nshamba aliyekuwa akisikia kwamba hewa ya dunia inatiwa kitu kisichoonekana wala kunuka, ambacho huwafanya watu waugue mbali kabisa na kilipoanzia, kisha akaona wanawe wakiugua ugonjwa usioonekana wala kunuka, aliunganisha habari mbili alizokuwa nazo. Alikosea. Lakini njia aliyopita ni ya mtu mwenye akili timamu anayetafuta chanzo.

Madaktari hawakutoa chanzo. Walitoa jina. Walihitimisha kwamba hii ilikuwa histeria ya umati katika jamii iliyo nyepesi kupatwa, na kwamba huenda ni ugonjwa unaosababishwa na utamaduni.

Neno histeria lilikuwa limesafiri mbali kabla ya kufika Buhaya. Mzizi wake ni jina la Kigiriki la mji wa mimba. Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya walimwona mwanamke aliyekabwa koo, aliyepoteza sauti au aliyeanguka na kutupa miguu, wakasema ni mji wa mimba umemsumbua. Imani hiyo ilipodhoofika, neno lilibaki, na aibu yake ikabaki nalo.

Aliyejaribu kulisafisha ni Mfaransa Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, miaka ya 1870 na 1880. Charcot alikuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, mtu aliyezoea kumfuata mgonjwa hadi kifo kisha kupasua ubongo kutafuta jeraha. Kwa wagonjwa wa histeria jeraha halikupatikana. Badala ya kusema basi wanajifanya, alisema dalili ni za kweli, zina utaratibu wake, na zinawapata wanaume pia, wakiwemo vibarua na wafanyakazi wa reli. Alikuwa na haki katika hilo. Kosa lake lilikuwa maonyesho. Siku za Jumanne wagonjwa waliletwa ukumbini mbele ya hadhira, wakalazwa usingizi wa kiini macho na kupigwa picha, na mwaka 1887 André Brouillet akachora picha kubwa ya daktari akifundisha huku mwanamke amelegea mkononi mwa msaidizi wake. Mafundisho yale yalikuwa ya sayansi, lakini mji uliondoka na ile picha ya mwanamke aliyelegea. Kijana aitwaye Sigmund Freud alikaa hapo miezi michache, mwaka 1885 hadi 1886, akarudi Vienna na nadharia nyingine.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, dalili zilezile, kutetemeka, kupoteza sauti, miguu isiyobeba mwili, ziliwapata wanaume kwa maelfu mahandakini. Watu waliona haya kumwita askari kwa jina lenye asili ya mji wa mimba. Mwaka 1915 Charles Myers akaandika katika jarida la The Lancet juu ya mshtuko wa mizinga, jina la heshima lenye baruti ndani yake. Askari walilipenda, na familia zao pia, kwa kuwa lilisema mtu kaumizwa na adui. Jeshi la Uingereza lilipoona idadi inaongezeka na vikosi vinapungua, lilipiga marufuku jina hilo lisiandikwe hovyo kwenye kadi za wagonjwa. Madaktari waliliacha. Mitaani likaendelea kuishi mpaka wa mwisho wa askari wale walipozikwa.

Hilo ndilo neno lililoshuka Bukoba, baada ya kuzeeka Paris na kukwepwa na majenerali. Halikumwambia mzazi wa Nshamba kitu. Ukimwambia mwanawe ana histeria na usipomfafanulia, umempa sauti tu. Ukimfafanulia kwamba vipimo vyote ni safi, damu safi, uti wa mgongo safi, atauliza swali ambalo angeuliza mzazi yeyote: basi anajifanya?

Hapa lugha yetu inaonyesha tatizo vizuri kuliko vitabu. Kiswahili kina namna mbili zilizo tayari za kumsema mtu anayefanya asivyofanya kila siku. Ama anajitia, na ile -ji- inamtwisha yeye mzigo wote. Ama amekumbwa, amepagawa, amepandwa, na ile -w- ya kutendwa inautwika mzigo huo pepo, jini au mkono wa mtu. Daktari wa Kashasha alitaka kusema kitu kisichomo katika mojawapo. Alitaka kusema binti hajitii, wala hakuna aliyemtupia, mwili wake hauna jeraha, na bado anaumwa kweli. Neno letu lililo karibu zaidi nadhani ni kuchanganyikiwa. Limefinyangwa vizuri ajabu, lina kutendeka na kutendewa pamoja, mambo yamechanganyika na yeye ndiye yaliyemchanganyikia, bila kumtaja mkosaji. Lakini hata hilo limechakaa kwa kutupiana barabarani.

Katika nchi za Maziwa Makuu kulikuwa pia na namna ya tatu, ya zamani zaidi. Ibada za kubandwa, zilizoenea kutoka Bunyoro hadi Burundi na kufika Buhaya, ziliwapa watu mahali pa kutetemeka, kubadili sauti na kusema yasiyosemeka, chini ya majina ya mizimu ya Bachwezi. Aliyebandwa hakuitwa mgonjwa wala mwongo. Alikuwa na kazi, na jamii ilijua akae wapi na nani amhudumie. Misheni zilizipiga vita ibada hizo kwa miongo mingi. Sisemi kwamba wasichana wa Kashasha walikuwa wakibandwa. Makala ya madaktari haina neno juu ya hilo, nami siwezi kuliongeza. Ninachosema ni kwamba waliishi ndani ya kuta ambamo mahali hapo pa zamani palikuwa pamefungwa na pengine papya hapajajengwa.

Daktari Mganda, Benjamin Kagwa, alikaribia kusema hivyo. Mwaka 1964 aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki juu ya kicheko cha Bukoba pamoja na milipuko mingine ya Uganda, ambako watu walishikwa na kukimbia badala ya kucheka. Yeye aliutazama mgongano wa mawazo ya nyumbani na mawazo ya shule ndani ya kichwa kimoja. Jina alilotumia lilikuwa lilelile la histeria ya umati, ila chini yake palikuwa na maelezo ambayo mzazi angeweza kubishana nayo.

Ule msemo wa pili wa Rankin na Philip, ugonjwa unaosababishwa na utamaduni, unanipa shida zaidi. Wao hawakuwa na ubaya. Walilinganisha kicheko cha Bukoba na wazimu wa kucheza ngoma uliowashika Wazungu zama za kati, kwa hiyo hawakudai ni ugonjwa wa Waafrika. Lakini mwaka 1962 neno utamaduni katika kinywa cha daktari wa akili lilikuwa na ukoo mbaya katika Afrika Mashariki. Kule Nairobi, hospitali ya Mathari ilikuwa imeongozwa kwa miaka kumi na zaidi, kuanzia 1938, na J. C. Carothers, daktari aliyekabidhiwa hospitali ya vichaa bila mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamwagiza aeleze saikolojia ya Mau Mau. Akaeleza. Watu walionyang'anywa mashamba, katika taarifa yake, wakatokea kuwa watu waliovurugwa nafsi na mabadiliko. Hakuna pepo wa kijijini aliyewahi kupewa mamlaka makubwa kiasi hicho na chapa ya shirika la kimataifa juu yake.

Majibu yalikuwa yameshaanza. Novemba 1961, wiki chache kabla ya Kashasha, madaktari wa akili kutoka nchi mbalimbali walikutana Abeokuta, Nigeria, chini ya Thomas Adeoye Lambo, katika mkutano wa kwanza wa aina hiyo barani. Lambo alikuwa ameanzisha huko Aro utaratibu wa wagonjwa kuishi vijijini jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu wa kumtunza, na alishirikiana na waganga wa jadi bila kuwageuza mapambo. Msimamo wake ulikuwa kwamba Mwafrika huugua akili kwa sababu zilezile zinazowafanya wengine waugue, na kwamba utamaduni ni nguo ambayo ugonjwa huvaa. Ni tofauti ndogo ya maneno. Kwa Carothers utamaduni ndio ugonjwa wenyewe.

Jina la histeria nalo lilikuwa likielekea kaburini kwake. Mwaka 1965, wakati makala ya Kashasha haijamaliza hata miaka mitatu, daktari wa London, Eliot Slater, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 85 walioambiwa katika hospitali ya magonjwa ya mishipa ya fahamu ya Queen Square kwamba wana histeria. Baada ya takriban miaka tisa, wengi wao walionekana kuwa na magonjwa ya mwili yaliyokuwapo tangu mwanzo au yaliyojitokeza baadaye. Baadhi walikuwa wamekufa. Slater hakupindisha maneno. Kwake utambuzi huo ulikuwa pazia la kuficha kutojua. Wenzake wakambishia, na uchunguzi wa miaka ya baadaye uliofanywa kwa vipimo bora ulionyesha makosa kama hayo ni machache kuliko alivyohofia. Hata hivyo neno halikupona. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tatu la mwongozo wake, histeria haikuwamo tena. Ilikuwa imevunjwavunjwa na vipande vyake kugawiwa majina mapya. Mwaka 1992 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani nayo ikashauri neno hilo liepukwe, kwa kuwa lina maana nyingi mno.

Milipuko ya shuleni nayo ikapewa sura nyingine. Mwaka 1987 Simon Wessely, daktari wa London, alipendekeza kwamba chini ya jina moja kulikuwa na mambo mawili. Moja ni hofu ya ghafla: harufu ya ajabu darasani, mmoja anazirai, kumi wanafuata, jioni wote wamepona. La pili huja polepole, mahali ambapo watu wamebanwa kwa muda mrefu na hawana njia ya kusema, nalo huchukua wiki au miezi, likijionyesha katika mwili unaotikisika, unaocheza au unaocheka. Yeyote anayesoma habari za Kashasha ataona iko fungu la pili.

Hivi ndivyo sayansi inavyoyachukulia majina yake. Kwake jina la ugonjwa wa akili ni kama kibandiko cha karatasi juu ya debe. Kinabandikwa ili watu wa ghala waelewane, na kikionekana kinadanganya kinabanduliwa, kwa kikao na kwa kura ikibidi. Madaktari wenyewe hawalishangai hilo. Wanaoshangaa ni sisi, kwa sababu jina likishatoka nje ya ghala halirudi. Nenda leo shule nyingi za bweni za Tanzania, uliza matroni binti aliyeanguka jana ana nini. Ukiambiwa si mashetani, utaambiwa ni histeria. Neno lililofutwa vitabuni zaidi ya miaka 40 iliyopita linaishi bwenini, na limepata kazi mpya. Kwa mmoja ni namna ya kistaarabu ya kusema anajitia. Kwa mwingine ni jina la Kizungu la jini. Maana ambayo Charcot aliipigania, kwamba mgonjwa hana jeraha na hadanganyi, ndiyo iliyopotea njiani.

Majengo pia hugeuka majina. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na nchi nzima huitaja kama tusi: huyu wa Mirembe huyu. Nairobi wanasema Mathari, Unguja wanasema Kidongo Chekundu. Mgonjwa aliyelazwa humo wiki tatu, akatibiwa, akatoka amepona, hutoka na anwani. Ndiyo maana familia nyingi humpitisha mgonjwa kwa mganga na kwa mchungaji kwanza. Si lazima iwe ujinga. Aliyekumbwa na jini, jini likitolewa, limetoka, na kuna siku na saa ambayo watu walishuhudia likitoka. Faili la hospitali halina siku kama hiyo. Mara nyingi ninaposikia wataalamu wakiilaumu jamii kwa imani zake, nawaona hawajalipima hilo.

Kicheko chenyewe kilizidi kusambaa kwa miezi, kikarukia vijiji na shule nyingine, kisha kikaisha kama kilivyokuja. Lakini kikawa kimepata jina la nne, ambalo halikutolewa na wanakijiji wala na madaktari. Vitabu vya maajabu, na baadaye intaneti, vikakiita mlipuko wa kicheko wa Tanganyika. Katika masimulizi hayo msichana mmoja alitoa mzaha, wenzake wakacheka, na nchi nzima ikacheka mwaka mzima bila kupumzika. Wapo walioutaja kama ushahidi kwamba furaha huambukiza. Mwaka 2007 mtafiti wa vichekesho, Christian Hempelmann, alilazimika kurudi kwenye makala ya 1963 kuwakumbusha watu kwamba humo hamna mzaha wowote wala furaha.

Nakilaumu kwa sehemu kichwa cha makala yenyewe. Ndani, Rankin na Philip waliandika kucheka na kulia. Waliandika kutotulia na hofu. Kichwa kiliposhonwa juu, kikabaki na kucheka peke yake, nacho ndicho kilichosafiri. Kama wangeandika mlipuko wa kulia katika wilaya ya Bukoba, sidhani kama ingeingia hata kitabu kimoja cha maajabu. Pengine mtu angepanda basi kwenda kuuliza maisha ya shule ile yalikuwaje.

Wasichana wale wakiwa hai leo ni bibi wa miaka 70 na kitu au wameingia 80. Katika kurasa zile nne wao wanasikika mara moja tu, pale walipoulizwa wanajisikiaje. Wengi walijibu kwamba kuna vitu vinatembea kichwani, na kwamba kuna mtu anawakimbiza. Madaktari waliandika hivyo wakaendelea na mboni za macho. Ugonjwa ulipewa majina manne. Aliyekuwa akiwakimbiza hakupewa hata moja.